Kiduha kinaamka mizizi ya mahindi ikilia njaa, tukijue kwanza ndio tukitoe shambani

Wakulima wenzangu wa Tabora na Kigoma, habari za mashambani. Leo tuongelee kiduha, wengine mnakiita gugu chawi, na naomba mnivumilie niingie ndani kidogo maana ushauri mwingi tunaopeana ni ule wa "ng'oa choma moto" halafu basi, mtu anang'oa mwaka huu, mwakani anang'oa tena, mwaka wa tatu kimeongezeka, mwisho anakata tamaa anasema shamba limerogwa na anahamia pori jipya kwenda kufyeka. Shamba halijarogwa jamani. Kiduha ni mmea, kina maua, kina mbegu, kina ukoo wake na tabia zake zimechunguzwa miaka mingi sana, na ukizijua hizo tabia utaona kwamba yale maua mazuri unayoyaona mwezi wa pili katikati ya mahindi ni hatua ya mwisho, kazi yote ya kukumaliza kimeshaifanya chini ya udongo wewe ukiwa unapalilia juu yake.

Kwanza tukitambue. Kipo kile kirefu, Striga hermonthica, maua ya pinki au zambarau yanayovutia kabisa, kinafika magotini na pengine kiunoni, hiki ndicho kinachotesa sana kanda ya ziwa na maeneo yanayopakana nayo huku kwetu kama Nzega na Igunga. Kipo na kifupi, Striga asiatica, kimo cha shibiri moja au na nusu, maua madogo mekundu, ukipita haraka hukioni. Vyote viwili vinashambulia nafaka: mahindi, mtama, uwele, ulezi, mpunga wa nchi kavu, na hata miwa. Halafu kuna ndugu yao Alectra mwenye maua ya njano, huyu hana habari na mahindi, yeye anakula kunde na njugumawe, tutamrudia kwa sababu wengi anawachanganya.

Dalili za mwanzo zinafanana na ukame au njaa ya mbolea. Mahindi yanadumaa, majani yanajikunja saa nne asubuhi wakati udongo una unyevu wa kutosha, yanaanza kupauka, na watu wanakimbilia kusema mvua imekosea. Usibishane, kafanye hivi. Mahindi yakiwa na wiki tano au sita chagua shina moja lililodumaa, chimba kulizunguka kwa umbali wa kiganja, nyanyua bonge zima la udongo na mizizi yake bila kuvuta, lizamishe kwenye beseni la maji uliache karibu nusu saa, kisha tikisa pole pole udongo udondoke wenyewe. Kama kiduha kipo utaona kwenye mizizi ya mahindi kuna vichipukizi vyeupe, vinene kidogo, vina majani madogo yaliyolala kama magamba, bado havijaona jua. Fuata kimoja mpaka pale kilipogusana na mzizi wa mahindi, utakuta kivimbe kidogo cha duara. Hicho kivimbe ndio mdomo wake, wataalamu wanakiita haustoriamu, kinapenya ngozi ya mzizi kinaingia mpaka kwenye mirija inayopandisha maji na hapo kinaunganisha mirija yake na ya mahindi, kuanzia hapo maji na virutubisho ulivyonunua kwa hela yako vinakwenda pande mbili. Ukiwa na watoto nyumbani wafanye hili zoezi na wewe, hakuna somo linaloingia kichwani kama hilo.

Sasa kwanini mmea mdogo hivyo unaweza kuangusha shina la mahindi lenye urefu wa mtu? Sababu ni zaidi ya kuibiwa chakula. Mmea wa kawaida ukiona ukame unatengeneza homoni inayoitwa asidi ya absisiki, homoni hiyo inaamuru vitundu vya kwenye majani vifunge ili maji yasipotee. Kiduha hiyo amri hakiisikii, vitundu vyake vinabaki wazi hata mahindi yanapokuwa yameshafunga vya kwake, kwahiyo kinaendelea kupoteza maji hewani na yale yanayopotea ndio yanayovuta mengine kutoka kwenye mzizi wa mahindi. Juu ya hapo mahindi yenyewe yanapunguza kasi ya kutengeneza chakula kwenye majani yake. Ndio maana mwaka wa mvua za kusuasua hasara inakuwa mara dufu, na ndio maana pia shamba lenye kiduha linaanza kunyauka kabla ya shamba la jirani ingawa mvua iliyonyesha ni ile ile.

Turudi nyuma kwenye mbegu, maana mchezo wote upo hapo. Mbegu ya kiduha ina urefu wa karibu milimita 0.3, ukizimwagia kiganjani utadhani umeshika ugoro. Shina moja la hermonthica linaweza kumwaga mbegu 50,000 mpaka 200,000 na zikishaingia ardhini zinaweza kukaa hai miaka 10, nyingine zinatajwa kufika 20. Fikiria hapo, mtu anakuambia nimeng'oa viduha vyote isipokuwa vichache pale kwenye kichuguu. Hivyo vichache vimeshalipanda shamba lote kwa miaka mingi ijayo.

Lakini huo udogo ndio udhaifu wake pia, na hapa ndio pa kukikamatia. Mbegu ndogo namna hiyo haina akiba ya chakula. Ikishaota ina siku chache tu, tano hivi, na kamzizi kake kanafika milimita chache basi, isipokutana na mzizi wa kunyonya ndani ya muda huo inakufa. Kwahiyo haiwezi kuota kiholela kama mchicha. Inasubiri. Kwanza inahitaji unyevu na joto la nyuzi kati ya 25 na 35 kwa wiki moja mpaka mbili, hilo mvua zetu za mwezi wa 11 zinalifanya bure kabisa. Baada ya hapo bado haioti, inasubiri ishara ya kemikali kwamba mzizi wa nafaka upo karibu, na ishara hiyo inatoka kwenye mzizi wenyewe.

Kemikali hizo zinaitwa strigolaktoni. Ya kwanza ilitambuliwa mwaka 1966 na watafiti wa Marekani, na cha kushangaza waliitoa kwenye mizizi ya pamba, mmea ambao kiduha hakiwezi kuunyonya kabisa. Kwa muda mrefu swali likabaki, kwanini mmea utoe kemikali inayomwita adui yake? Jibu likaja mwaka 2005 kutoka Japani. Mizizi inazitoa ili kuita kuvu rafiki, wale mikoriza, ambao wanajishika kwenye mizizi na kuisaidia kufikia fosforasi iliyo mbali, na wao wanalipwa sukari. Huo ni urafiki wa zamani mno, upo tangu mimea inaanza kupanda nchi kavu miaka zaidi ya milioni 400 iliyopita. Mwaka 2008 ikajulikana tena kwamba hizo hizo strigolaktoni ndani ya mmea ni homoni inayoamua mmea utoe matawi mangapi. Yaani mahindi hayawezi kuacha kuzitengeneza, yanazihitaji. Kiduha kimedukua tu huo ujumbe.

Hapa nataka tukae kidogo kwa sababu hapa ndio ushauri wote wa shambani unatoka. Mmea unatoa strigolaktoni nyingi zaidi pale unapokosa fosforasi, na kwa nafaka kama mtama hata naitrojeni ikipungua. Ukiwa na njaa ndio unaita zaidi, na ukiita zaidi mbegu nyingi zaidi za kiduha zinaamka. Sasa angalia mashamba yetu, udongo wa kichanga, mahindi juu ya mahindi msimu hadi msimu, mabua yanaliwa na ng'ombe au yanachomwa moto, mbolea kidogo au hakuna, yaani tunaiweka mizizi kwenye hali ya kulia njaa kila mwaka na chini yake kuna mbegu laki kadhaa zinasubiri kusikia hicho kilio. Mtu anayedhani kiduha ndio kimemaliza rutuba ya shamba lake ageuze hiyo hesabu, rutuba ilianza kuondoka, kiduha kikafuata.

Na hiki kipaji cha kusikia kilitoka wapi? Hili nalipenda sana kulieleza. Ukoo wa kiduha unaitwa Orobanchaceae, una aina kama 2,000 hivi, na ndani ya huo ukoo mpaka leo kuna mimea kama Lindenbergia ambayo hainyonyi mtu, inajilimia yenyewe kwa mizizi na majani yake. Wapo wanaoweza kujitegemea lakini wakikuta mzizi jirani wanaung'ang'ania, wapo kama kiduha ambao wana majani ya kijani lakini bila mzizi wa mwenzao wanakufa, na wapo kina Orobanche waliopoteza kijani kabisa, hawana klorofili, kila kitu wanakula cha wizi. Yaani ukoo mmoja unakuonyesha safari nzima ya kutoka kwenye kujitegemea mpaka kwenye unyonyaji kamili.

Kwenye kiduha watafiti walikuta kwamba vipokezi vinavyonusa strigolaktoni vimetokana na jeni ambayo mimea mingine inaitumia kutambua kemikali za moshi, ile inayofanya mbegu za porini ziote baada ya moto kupita. Kwetu huku kwenye miombo kila mtu ameshaona pori lililoungua linavyochipua. Kwenye ukoo wa kiduha jeni hiyo ikajizalisha nakala nyingi, nakala zikabadilika kidogo kidogo, zikaacha moshi zikaanza kunusa mizizi, na hermonthica sasa ana nakala 11 ambazo baadhi yake zinanusa strigolaktoni hata ikiwa kiasi kidogo mno kisichoweza kufikirika. Mwaka 2019 ramani nzima ya jeni za Striga asiatica ilichapishwa na ikaonyesha kwamba ule mdomo wa kunyonyea umeundwa kwa kuazima jeni ambazo mimea ya kawaida inazitumia kuotesha mizizi ya pembeni. Na kuna kingine cha ajabu, mwaka 2010 watafiti walikuta ndani ya hermonthica jeni iliyotoka kwenye nafaka za jamii ya mtama, yaani kwa kuunganisha mirija kwa vizazi na vizazi imeiba mpaka jeni.

Kiduha hakiko peke yake. Unyonyaji wa namna hii umejitokeza kwa mimea inayotoa maua karibu mara 12 kwa nyakati tofauti, kila ukoo kwa njia yake, na jumla ya aina zinazonyonya ni zaidi ya 4,000, kama asilimia moja ya mimea yote yenye maua. Ule uzi wa njano tunaouita mlangamia unaofunika uzio wa maua majumbani ni mfano mzuri, maana kwa hilo jina moja watu wanaita mimea miwili isiyo na undugu wowote. Mmoja ni Cuscuta, ndugu wa viazi vitamu. Mwingine ni Cassytha, ndugu wa parachichi. Wote wamepoteza majani, wamebaki kamba zinazojizungusha na kudunga shina la mwenzao, mpaka ukiwaona utaapa ni kitu kimoja. Cuscuta ananusa kama kiduha ila yeye ananusa hewani, utafiti wa mwaka 2006 ulionyesha mche wake unainamia upande ulipo mche wa nyanya kwa kufuata harufu tu. Na jambo moja la kutafakari, kwenye jamii yote ya nyasi, minazi, migomba na vitunguu, mimea ya jani lenye mistari iliyonyooka, hajapatikana hata mnyonyaji mmoja wa aina hii. Nafaka zetu hazijawahi kunyonya mtu, zenyewe ndio zinanyonywa.

Wa Kigoma wenye miembe, michungwa na miparachichi kuna kirukia, ule mmea wenye majani mazito ya kijani unaoota juu ya tawi. Huyo mbegu yake ina ulimbo, ndege akila tunda anaipaka kwenye tawi inang'ang'ania hapo inaota. Kwa huyo usihangaike kuchuma majani yake yatarudi, kata tawi lenyewe futi moja chini ya pale alipojishika, maana ndani ya mti anatambaa zaidi ya unavyoona kwa nje. Mlangamia nao kata pamoja na matawi yote uliyojizungushia uchome, kipande kidogo kikibaki kinaendelea. Ila yale majani ya jamii ya kangaga (fern) yanayoota kwenye magogo ya michikichi msiyaonee, hayo yamepanga tu, hayana mdomo wa kunyonyea, yanakula takataka na maji yaliyonasa kwenye makovu ya makuti. Mkiyatoa mtoe kwa ajili ya kurahisisha kupanda mti na kuvuna.

Haya, turudi shambani na jembe.

La kwanza kabisa, lisha udongo. Samadi iliyooza vizuri, mbolea yenye fosforasi wakati wa kupanda, iwe DAP au Minjingu, na naitrojeni ya kukuzia kwa awamu mbili badala ya kumwaga yote siku moja kwenye mchanga ikaoshwa na mvua. Usitegemee msimu mmoja utafuta kiduha, lakini mahindi yaliyoshiba yanaita mbegu chache, na hata yakishikwa yanahimili zaidi. Kwa wakulima wa tumbaku wa Urambo, Kaliua, Sikonge, mnajua kuwa shamba lililotoka tumbaku lina mabaki ya mbolea, kwahiyo mahindi yapelekwe pale na yale mashamba yaliyochoka yapewe mazao mengine nitakayoyataja. Kuhusu samadi angalizo moja kubwa, ng'ombe aliyelishwa mabua kwenye shamba lenye kiduha kilichokomaa anatoa mbegu kwenye kinyesi zikiwa hai, samadi mbichi ukiipeleka shambani umepanda kiduha kwa mkono wako. Irundike, iloweshe, ifunike, igeuze, iache ichemke mpaka iive, ndio uipeleke.

La pili ni mazao ya kutega, na hili mimi naliamini kuliko yote kwa mazingira ya Tabora. Kumbukeni ile pamba ya mwaka 1966. Mizizi ya pamba inaamsha mbegu za kiduha lakini kiduha hakiwezi kuinyonya, kwahiyo zinaota zinatafuta siku chache zinakufa, umezipunguza ardhini bila dawa. Alizeti, karanga, soya na njugumawe nazo zinafanya hivyo, ingawa aina na aina zinatofautiana nguvu. Marejea pia ni nzuri, inaongeza naitrojeni na huko Kyela kwenye mpunga wa nchi kavu ilijaribiwa kwenye mzunguko na kusaidia dhidi ya Striga asiatica. Sasa kosa la wengi ni kupanda alizeti msimu mmoja kisha wanarudi kwenye mahindi wanakuta kiduha wanasema mbinu imefeli. Benki ya mbegu iliyojazwa miaka 10 haiishi kwa alizeti moja. Nenda misimu miwili mpaka mitatu bila nafaka kwenye lile eneo lililoathirika vibaya, na ndani ya hiyo alizeti ng'oa maotea yote ya mahindi na mtama, maana shina moja la maotea linatosha kulea kiduha kikamwaga laki nyingine. Najua familia inahitaji ugali kila mwaka, ndio maana nasema gawa shamba vipande, heka moja ipumzike na karanga wakati nyingine ina mahindi yenye samadi, kisha mbadilishane.

Hapo kwenye kunde ndio nilisema tutamrudia Alectra. Kunde inaamsha kiduha cha mahindi vizuri tu, lakini kama shamba lako lina Alectra, yule wa maua ya njano, kunde na njugumawe ndio chakula chake na yeye mbegu zake ni ndogo na nyingi vile vile. Ukiona maua ya njano chini ya kunde usiendelee kuzungusha kunde na njugumawe hapo, hamia alizeti au pamba. Kuna kunde ya kienyeji kutoka Botswana inaitwa B301 inayojulikana kwa ukinzani wake na wazalishaji wa mbegu wameitumia kwenye kuzalisha aina mpya, kwahiyo ukienda kununua mbegu ya kunde uliza waziwazi kama inakinzana na Alectra.

Mbinu ya desmodiamu mmeisikia, ile ya "sukuma vuta" iliyoendelezwa na ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, kule Mbita Kenya pamoja na wenzao wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted Uingereza kuanzia miaka ya 1990. Unapanda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi na majani ya matete au brakiaria pembeni ya shamba. Lengo la mwanzo lilikuwa mdudu bungua wa mabua, halafu wakagundua kiduha kinapungua sana, walipochunguza wakakuta mizizi ya desmodiamu inatoa kemikali mbili kwa pamoja, moja inaamsha mbegu za kiduha na nyingine inazuia kisijishike kwenye mahindi, juu ya hapo inaongeza naitrojeni na ni lishe ya ng'ombe. Ni mbinu nzuri sana. Ila niseme ukweli wangu, huku kwetu baada ya mavuno ng'ombe wanazurura mashamba yote, na desmodiamu ni mmea wa kudumu ambao unatakiwa ubaki shambani kiangazi, kwahiyo bila uzio au makubaliano ya kijiji wataimaliza mwezi wa saba. Inafaa zaidi kwa mwenye ng'ombe wa maziwa wa kufunga ndani na shamba karibu na nyumba. Wengine wote changanyeni mahindi na karanga, karanga zinafunika udongo, joto linapungua, na mizizi yake inategua mbegu palepale kwenye mstari.

Kung'oa kupo pale pale, ila ng'oa kwa wakati. Palizi ya kwanza na ya pili mara nyingi zinapita kiduha hakijatoka juu, kwahiyo lazima uingie tena mwezi wa pili na wa tatu. Ng'oa kinapoanza tu kufungua maua, ukisubiri vidonge vya mbegu vigeuke kahawia ukikigusa unamwaga. Kile chenye maua usikiache njiani wala kwenye matuta, weka kwenye mfuko wa salfeti kachome sehemu moja. Na kuna jambo linanisumbua sana, tukishavuna mahindi mwezi wa nne wa tano hakuna anayerudi shambani, wakati kiduha kwenye mabua yaliyobaki kinaendelea kutoa maua na mbegu kwa raha zake. Fyeka au lima mabua mara baada ya kuvuna kwenye vile vipande vyenye kiduha. Nusu siku ya hiyo kazi inaokoa misimu.

Dawa ya 2,4-D inaua kiduha kilichokwisha toka juu na mahindi yanaivumilia, lakini tumbaku, pamba, alizeti, nyanya na maharage hazivumilii hata upepo wake tu. Hapa Tabora tumbaku ya jirani iko mita chache, maharage yamechanganywa humo humo, ukipuliza siku ya upepo utagombana na kijiji kizima. Binafsi siishauri kwenye mashamba yetu ya mchanganyiko, na kumbuka inaua kilichotoka wakati madhara yameshafanyika chini.

Kwenye mbegu, mahindi yana hasara ya kihistoria. Mahindi asili yake ni Meksiko, yalizoea maadui wa kule, kiduha ni cha huku Afrika, walipokutana mahindi hayakuwa na kinga. Mtama na uwele vimekua pamoja na kiduha Afrika kwa maelfu ya miaka kwahiyo ndani yake zipo mbegu zenye ukinzani. Profesa Gebisa Ejeta wa Ethiopia alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2009 kwa kazi ya mtama, ikiwemo mtama unaokinzana na kiduha, na kwetu Tanzania mitama miwili ya kundi hilo, Hakika na Wahi, iliidhinishwa mwaka 2002. Siri ya baadhi ya hiyo mitama imejulikana, mizizi yake inatoa strigolaktoni ya aina nyingine ambayo kiduha hakiamki nayo vizuri ila kuvu rafiki bado wanaisikia. Igunga na Nzega ambako mvua ni chache na mtama unaliwa, ulizeni hizo mbegu, pitieni kituo cha utafiti wa kilimo TARI Tumbi hapo Tabora, wa Kigoma muwaone TARI Kihinga au bwana shamba wa kata wawaelekeze zinapopatikana.

Mwisho ni usafirishaji, na hapa ndugu zangu wa Kasulu, Kibondo, Kakonko na Uvinza ndio mnisikie zaidi. Marekani waligundua Striga asiatica kwenye majimbo ya Carolina mwaka 1956, wakaweka karantini, wakawa wanaingiza gesi ya etilini ardhini ili mbegu ziote bila kuwa na cha kunyonya, kwa hela na mashine za serikali yao bado imewachukua zaidi ya miaka 50 kukibana kwenye maeneo machache. Sisi hatuna hiyo gesi, kukizuia kisiingie ni rahisi kuliko kukitoa. Usichukue mahindi ya gunia la sokoni ukayafanya mbegu bila kujua yametoka shamba gani, zile chembe zinakaa kwenye vumbi la chini ya gunia, nunua mbegu zilizothibitishwa zenye lebo au chagua mahindi yako mwenyewe kwenye magunzi. Ukikodi maksai au trekta lililotoka kulima kwingine, plau ioshwe kwa maji nje ya shamba lako, majembe ya vibarua vilevile. Magunia na maturubai ya kupigia mahindi yakung'utwe juu ya moto wa takataka, sio pembeni ya shamba. Na ukiona kiduha cha kwanza kabisa shambani kwako, hata kama ni kimoja, piga vigingi kwenye hicho kieneo kwa hatua kumi kila upande, ng'oa kabla ya mbegu, halafu misimu mitatu inayofuata ndani ya hivyo vigingi panda karanga au alizeti tu, hata kama sehemu nyingine yote ya shamba ina mahindi.